Nguzo Katika Sebule ya Alistidia

Jumatano, 4 Juni 1975

Nimerudi nyumbani Kamachumu kutoka kwa binti yangu Alistidia, Muleba. Karugendo amekuja tena na kikapu. Safari hii hakubisha hodi. Aliingia shambani akachuma kahawa iliyoiva, mti hadi mti, kama mtu anayechuma yake.

Niliandike jambo hili vizuri, ingawa nalijua. Mkono wa mwalimu hauachi kueleza hata pasipo mwanafunzi. Byabato, mume wa Alistidia, alifariki mwaka jana kabla ya Krismasi. Ameacha mabinti wawili, hakuacha mtoto wa kiume. Siku ya kumaliza matanga ukoo wao ulimtaja Karugendo, mdogo wa marehemu, kuwa omusika, yaani mrithi. Kwetu kibanja ni shamba la migomba na kahawa, pamoja na nyumba iliyomo na makaburi yaliyomo. Ni mali ya ukoo. Mjane hukaa humo kwa hisani. Hisani ya Karugendo imekwisha.

Alistidia hakulia. Alisema tu: "Tata, ameniambia nivune maharage yangu kwanza. Hataki aonekane mtu mbaya."

Mama mkwe wake, Ma Benadetha, alikuwa amekaa mlangoni akitafuna buni. Anaishi nao humo humo. Nilimwuliza yeye anasemaje. Akasema Karugendo ni mwana aliyemzaa yeye, na Alistidia ni mke wa mwanawe marehemu, kwa hiyo ana meno pande zote mbili, na hajui atafunie upande gani.

Nilicheka. Njiani nikaona hakuna cha kuchekesha.

Jumamosi, 7 Juni

Sokoni Muleba nimekutana na Ndugu Zahoro. Mtu wa pwani, kijana wa makamo, ana suruali yenye mikunjo na subira kidogo. Ameletwa kuendesha sinema za elimu ya watu wazima vijijini. Wilaya yetu ni changa, ofisi zinaazimana hata viti. Ana projekta nne zimelala katika stoo ya mahindi, panya wanazipanda.

Alikuwa amesikia kwamba nilifundisha sayansi. Akanilalamikia: mashine zikifika kijijini zinaonyesha watu wenye miguu juu na vichwa chini ya miguu. Upande mmoja picha ni kali, upande wa pili ni ukungu. Wanakijiji wameelezwa kuchemsha maji na mtu asiye na uso.

Nikamweleza, tukiwa tumesimama palepale penye dagaa. Taa, kioo kilicho nyuma ya taa, mlango mdogo ambamo filamu inapita, na lenzi — vyote lazima viwe kwenye mstari mmoja ulionyooka. Na mstari huo lazima ufike ukutani bila kuinama, wala kushoto wala kulia. Kimoja kikipinda, makosa yanaonekana ukutani, siyo kwenye mashine. Ndiyo maana mafundi wanahangaika. Wanafukuza kivuli.

"Mzee wangu," akasema, "nitafutie chumba kirefu, chenye giza, ukae na mashine zangu mpaka zinyooke."

Nikakumbuka sebule ya Byabato. Aliijenga ndefu, alinuia kufungua duka. Ukuta wa mwisho hauna dirisha.

Nimekuja na wazo njia nzima. Sasa nimeketi naliandika ili nilione kama lina ufa. Nani atathubutu kumtoa mjane katika nyumba ambamo serikali imeweka mashine zake? Karugendo anaogopa hata mjumbe wa nyumba kumi. Silioni ufa.

Jumanne, 10 Juni

Zahoro ameiona sebule. Ameipima kwa hatua, amepiga makofi gizani kama mtu anayejaribu ngoma. Ameridhika.

Alistidia alinivuta pembeni. "Tata, ni wageni wa muda gani?"

Nikasema wa muda mrefu, na huo ndio uzuri wake. Yeye na watoto na Ma Benadetha watabaki vyumba vya nyuma na jikoni. Sebule itakuwa ya kazi. Nami nitahamia hapo, nilale kwenye kitanda cha kamba stoo.

Akaniangalia sana. Tangu utotoni huangalia hivyo anapoona hesabu yangu ni ndefu kuliko swali. Kisha akasema, "Wewe ndiye unayejua."

Ma Benadetha aliuliza kama mashine inakula. Omary, dereva wa Zahoro, akamjibu kwamba inakunywa petroli tu. Bibi akasema basi ni mgeni mwepesi, marehemu mume wake alikuwa anakunywa vyote.

Jumatatu, 16 Juni

Wiki ya kazi. Mikono imejaa chokaa.

Ukuta wa mwisho tumeukwangua, tukaziba mashimo, tukapaka chokaa mara kwa mara mpaka ukawa bapa na mweupe bila kung'aa. Ukuta unaong'aa ni mbaya: unamrudishia taa mtu wa katikati na kuwanyima wa pembeni. Madirisha ya pembeni tumeyafunika kwa mablanketi ya kijivu. Nimeshusha timazi, uzi wenye chuma nchani, kutoka kwenye dari, nikapata mstari wa kati wa ukuta. Nikachora kwa mkaa fremu ya picha, pembe nne sawasawa, na msalaba katikati. Kila projekta itapimwa kwa fremu hiyohiyo. Ikiwa picha inajaa fremu bila kupinda, mashine ni nzima.

Nilifurahi, siwezi kukataa. Tangu nistaafu sijachora mstari wenye maana.

Lakini meza ya projekta! Jioni naiacha imekaa sawa kwa pimamaji. Asubuhi nakuta imeinama. Nikairekebisha. Kesho yake imeinama tena, upande mwingine. Nikamshuku Omary, nikawashuku wajukuu. Leo nikaamka mapema nikamkuta Ma Benadetha amepiga magoti anatandaza nyasi mbichi sebuleni, mpaka chini ya miguu ya meza. Anainua mguu mmoja, anasukuma nyasi, anainua mwingine.

Nilimwuliza anafanya nini. Alinishangaa. Nyumba yenye mgeni inatandikwa nyasi mpya kila asubuhi, nani asiyejua? Au tunataka mgeni wa serikali akanyage vumbi, kisha waseme kwa Byabato hakuna wanawake?

Ni kweli, ndivyo tulivyolelewa. Ningemwambia nini? Nimemwomba aishie karibu na mlango. Amekubali kwa mdomo.

Ijumaa, 20 Juni

Hakukubali. Nyasi tena.

Basi nimeamua jambo ambalo nilipaswa kuliamua tangu mwanzo. Meza haifai. Hata pasipo nyasi, mtu akipita inatikisika, na picha ikitikisika hujui ni mashine au ni sakafu. Mahali pa kupimia panahitaji kitu kimoja kisichosogea kabisa, ili kila kinachosogea kijulikane. Nimejenga nguzo.

Zahoro ameleta saruji. Tumevunja sakafu katikati ya sebule, tukachimba mpaka kwenye udongo mgumu mwekundu, tukajaza mawe, tukapandisha matofali ya kuchoma hadi usawa wa kifua changu. Juu nimesawazisha kwa pimamaji, nikapachika misumari minne ya chuma ambayo miguu ya projekta inakaa katikati yake. Mashine yoyote ikiwekwa hapo inatazama msalaba wa ukutani, haina njia nyingine.

Alistidia alikuja na kikombe cha uji, akaizunguka nguzo.

"Umeizika mpaka chini, Tata."

"Mpaka kwenye udongo mgumu. Haing'oki."

"Na sisi?"

"Nanyi vilevile," nikasema.

Usiku wa leo atalala vizuri, ameniambia. Mara ya kwanza tangu msiba.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada nimemkuta Karugendo amesimama mlangoni mwa sebule, kofia mkononi. Kikapu hakuja nacho. Nilimkaribisha, nikamwonyesha kila kitu, nikamweleza kazi ya timazi. Nakiri nilieleza zaidi ya ilivyohitajika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mzito, hana haraka ya maneno. Akasema:

"Ta Nathanael waitu, mzee wetu, umeleta serikali kwenye kibanja cha ukoo."

"Nimeleta kazi ya umma."

"Mimi ningemtoa mtu mmoja," akasema. "Tena ningemtoa polepole, maana mama yangu yuko ndani na angenisumbua. Ningechoka. Wewe umeita mtu asiyechoka."

Nikamjibu kwamba zama za kuwatoa wajane zimepita, kwamba ardhi sasa ni ya wananchi wote. Akavaa kofia.

"Ndiyo hiyo," akasema, akaenda zake.

Nilimwona mtu aliyeshindwa. Nilimwambia Alistidia hivyo.

Alhamisi, 3 Julai

Projekta ya kwanza imenyooka. Nieleze jinsi.

Hatukuwa na filamu ya kupimia. Zile za ofisini zinaonyesha watu na mashamba, na mtu hasimami kukupa mstari ulionyooka. Basi nimechukua kipande cha filamu nyeusi isiyo na picha, cha mwanzoni mwa mkanda, nikakwangua kwa sindano ya Alistidia mistari ya kwenda juu na ya kukatiza. Inapopita mbele ya taa, mistari myeupe inatokea ukutani kama wavu. Mara moja unaona. Mistari ya kushoto ilikuwa myembamba, ya kulia ilikuwa minene na yenye ukungu: lenzi ilikaa upande. Pembe ya chini ilikuwa giza: taa imeshuka kwenye kikombe chake. Skrubu mbili tu. Ndipo wavu ukakaa ndani ya fremu ya mkaa, pembe kwa pembe. Wajukuu walipiga kelele nyuma yangu. Mdogo, Kokuberwa, alisema nimekamata ukuta.

Zahoro alikuwepo. Akauliza kwa nini picha ina weupe kidogo, kama maziwa. Nikatoa lenzi nikampa aiangalie mlangoni. Utando mwembamba wa njano.

"Moshi," nikamweleza. "Jiko liko nyuma ya ukuta huu. Kuni mbichi. Moshi ni adui wa lenzi kuliko panya. Panya unamwona. Moshi unaingia ndani ya mashine, unakaa kwenye vioo, na mafuta yake hayatoki kwa kitambaa. Mashine inayokaa karibu na jiko haiwezi kudumu."

Akaandika kwenye kijitabu chake. Nikasema tukipata mabati machache tutalisogeza jiko mpaka chini ya migomba, si mbali. Akatikisa kichwa kuitikia. Nadhani hakuandika hilo la mabati.

Jenereta limewekwa nyuma, karibu na makaburi, kwa sababu waya haufiki pengine. Ma Benadetha amenuna. Anasema Byabato alikuwa hapendi kelele.

Jumanne, 8 Julai

Jana Saba Saba. Sinema uwanjani Muleba, kwa projekta yetu. Vichwa vyote mahali pake. Watu wazima walisoma herufi kwenye kitambaa kwa sauti moja, na mzee mmoja aliinuka akaenda kugusa herufi M.

Jumamosi, 19 Julai

Wakubwa watatu kutoka Bukoba. Walikuja na Land Rover mbili kwa ajili ya nguzo yangu! Nikawaeleza kuanzia timazi hadi skrubu. Mmoja alikuwa mnene, mkimya, akiegemea nguzo kama mtu anayepima ng'ombe. Akaisukuma. Haikutikisika. Akaisukuma tena kwa bega.

"Hii ni ya kudumu," akasema.

"Ni ya kudumu," nikasema.

Wakasema mkoa mzima wa Ziwa Magharibi hauna mahali kama hapa. Mafundi wa wilaya nyingine waletwe wajifunze. Mahali pa mfano. Nilijibu maswali yote. Wakati wa kuondoka yule mnene akauliza, "Na hawa kina mama ni wa nani?"

Nikasema ni binti yangu, mwenye nyumba, na mama mkwe wake. Akatazama moshi unaotoka nyuma. Zahoro akamwambia jambo kwa sauti ya chini, sikulisikia.

Alistidia aliwapa ndizi na samaki. Walisifu.

Jumatano, 30 Julai

Siandiki kwa mkono mzuri leo.

Zahoro amekuja asubuhi, hakukaa. Alisimama karibu na nguzo, akaniita Mzee wangu mara nyingi kuliko kawaida. Nyumba imechukuliwa kuwa kituo cha mkoa cha kupimia mashine za sinema. Vyumba vya nyuma watalala mafundi wanaokuja kujifunza. Stoo itakuwa ya filamu. Alistidia, watoto na Ma Benadetha watapewa kiwanja katika kijiji kipya kule chini, kwenye rweya. Rweya ni mbuga ya nyasi, udongo wake mchanga na kokoto. Mgomba ukipandwa pale unasimama kama mgonjwa. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuzika baba yake rweya.

Nikamwambia nyumba ina wenyewe.

"Ilikuwa na mgogoro, mzee wangu. Ulinieleza wewe mwenyewe. Mrithi anadai, mjane anadai. Sasa haina mgogoro. Ni ya wote."

Nikamwambia kazi inaweza kuhamishiwa kwingine.

Akaweka kiganja juu ya nguzo. "Na hii?"

Akaendelea, tena kwa upole, upole ndio uliniudhi: "Tena ni wewe uliyesema mashine haiwezi kukaa na jiko. Nimewaeleza Bukoba kama ulivyonieleza, neno kwa neno. Walielewa mara moja. Wewe ni mwalimu mzuri sana."

Familia imepewa muda mpaka mafundi wageni watakapokuja, tarehe kumi na moja Agosti.

Nimemwambia Alistidia nikiwa nimesimama. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. Alipomaliza kichane chote akaosha kisu, akakiweka, akasema, "Karugendo aliniambia nivune maharage kwanza."

Ijumaa, 1 Agosti

Bukoba kwa basi. Nimeshuka Nyanga kwa mwanafunzi wangu wa zamani aliye karani, nikadhani ana mlango wa kunifikisha kwa wakubwa. Alinipa chai, akaniuliza habari za shule, macho yakawa saa nzima kwenye mlango wake, kuona nani ananiona. Hana mlango.

Nikaenda mwenyewe kwa yule mkubwa mnene. Nilisubiri kwenye benchi. Alinipokea kwa heshima, aliagiza hata kiti kingine chenye mgongo. Nikaeleza kwa utaratibu: kibanja ni nini, kaburi la Byabato liko wapi, mjane asiye na mtoto wa kiume anakaa upande gani wa mizani. Nikaeleza kwamba mimi ndiye niliyekaribisha mashine, kwa nia ya kumkinga.

Akanisikiliza. Kisha akauliza kama ningemkinga mtoto wangu kwa mali ya umma.

Ndivyo nilivyofanya. Tena nilikuwa nimejisifu kwa kufanya hivyo.

"Miaka ile ya nyarubanja," akasema, "bwana mkubwa mmoja alikuwa anasema shamba hili na lile ni langu, na watu waliolima wakahama. Tumefuta hayo."

Kweli yamefutwa, na nilifurahi yalipofutwa. Niliwafundisha watoto kufurahi. Sasa natafuta jina la hili la leo sipati. Mtu anakuja, anasema nyumba hii si yako, na unahama. Bwana tu ndiye haonekani. Ukiuliza ni nani, unaambiwa ni wewe.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemeza mate nikaenda kwa Karugendo. Alikuwa anaanika kahawa. Nilimwambia ukoo ukisimama pamoja, omusika na mjane mlango mmoja, huenda wakasikilizwa. Mezeni ugomvi wenu, nikamwambia. Nitakuwa shahidi.

Alitandaza kahawa kwa mguu, safu kwa safu, mpaka akafika mwisho wa mkeka.

"Juzi nilikuwa mrithi wa kibanja," akasema. "Sasa ni mrithi wa makaburi mawili yenye jenereta. Umenishinda, Ta Nathanael. Nenda kafurahi."

"Sikuja kushindana."

"Huo ndio ubaya wako. Ungekuja kushindana, ningekujua."

Mkewe aliniletea maji ya kunywa. Karugendo alisubiri ninywe, akapokea kikombe, kisha kwa sauti nyingine, ya mtoto karibu: "Mama atakwenda rweya?"

Nikasema ndivyo walivyopanga.

"Hatakwenda," akasema. "Hamumjui nyinyi."

Jumatano, 6 Agosti

Leo mchana nilikuwa peke yangu na mashine. Nikachukua bisibisi.

Niliwaza hivi: wageni wakija Jumatatu wakakuta picha imepinda, taa imeinama, wavu haukai kwenye fremu, watasema mahali hapa hapafai. Watatafuta kwingine. Nikalegeza skrubu ya taa kwenye projekta ya tatu. Pembe ikaingia giza. Nikageuza lenzi. Ukungu. Nikakaa nikautazama ukuta ulioharibika.

Kisha mkono wangu ukarudi kwenye skrubu, ukaikaza. Ukageuza lenzi mpaka mistari ikawa mikali. Sikuuamuru. Maisha yangu yote nimesahihisha, na nimeshindwa kuacha kosa moja ukutani hata kwa ajili ya mtoto wangu.

Alistidia alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini.

"Afadhali," akasema. "Wangesema hujuma, wakakufunga. Halafu nani angenieleza mambo?"

Hakutabasamu. Sikujua kama ni utani.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamefunga mizigo. Sufuria, mikeka, cherehani, picha ya harusi. Wajukuu wamegombana juu ya nani atabeba jogoo. Ma Benadetha hajafunga kitu. Alistidia amemfungia furushi lake. Bibi ameenda akalifungua, akavirudisha vitu vyake mahali pake, kimoja kimoja.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika nikiwa nje, juu ya gogo la mgomba, karatasi gotini. Ni asubuhi bado.

Lori limekuja na Omary. Mizigo imepakiwa. Alistidia yuko mbele na watoto, mlango wa lori wazi, mguu mmoja ameuacha nje. Haniangalii. Wageni wamefika nao, mafundi kutoka wilaya nyingine, vijana wenye kalamu mifukoni, pamoja na yule mkubwa mnene. Zahoro amewapanga sebuleni kando ya kuta. Projekta iko juu ya nguzo. Mablanketi yameshushwa. Jenereta linanguruma. Nilikuwa nimeanza kueleza.

Nikawasha. Wavu ukatokea ukutani, na katikati ya wavu, Ma Benadetha.

Aliingia kwa mlango wa nyuma gizani. Ameketi chini, mgongo ameuegemeza ukutani, pale nilipochora msalaba, miguu ameinyoosha mbele kama mwanamke aliyemaliza kazi zake. Mistari inampita usoni, kifuani, magotini. Kwenye ukuta imenyooka. Kwake imepinda kote. Hakufumba macho. Mwanga ule ni mkali, mimi mwenyewe siuwezi.

Kijana mmoja alicheka, akaacha. Zahoro alisema, "Bibi, tafadhali sogea." Akajibu kwa Kihaya kwamba yeye amekaa kwake, na kama kuna mtu picha yake haionekani vizuri, amsogeze yule mgeni anayekunywa petroli. Hakuna aliyemtafsiria Zahoro. Mkubwa ni mtu wa huku, alielewa, akatazama saa yake. Omary aliambiwa amwinue. Alikwenda mpaka ukingoni mwa mwanga akasimama. Akasema yeye ni dereva.

Karugendo amekuja. Amesimama chini ya migomba upande wa makaburi, mikono mitupu. Haendi ndani wala haondoki.

Wamenitoa nje wakaniambia niende nikamweleze. Zahoro mwenyewe ameniambia: "Wewe ndiye mzee, mzee wangu. Wewe unajua kueleza mambo mpaka mtu akakubali. Chai ikiisha, uwe umemweleza." Wanakunywa chai sasa. Alistidia ndiye aliyeichemsha alfajiri, kabla ya kuzima jiko.

Nimejaribu kupanga la kusema. Nianze na nini? Kwamba kijiji kipya kina bomba? Kina bomba. Kwamba kuna zahanati? Itajengwa. Kwamba watoto wa vijiji vingi wataona picha nzuri kwa sababu yeye alisogea? Ni kweli, na nikimwambia atanisikiliza mpaka mwisho, kisha ataniuliza swali moja: yeye atazikwa wapi?

Vikombe vinakusanywa. Projekta bado inawaka mle ndani, nasikia filamu inazunguka. Hakuna aliyeizima na hakuna aliyemwondoa. Taa ikiwaka muda mrefu hivyo huungua. Ningewaambia waizime.

Zahoro ametokea mlangoni, ananipungia mkono. Alistidia ameuingiza mguu wake ndani ya lori. Hapana — ameshuka. Anakwenda kwenye mlango wa nyuma, ule alioingilia Ma Benadetha, watoto wanamfuata, na safari hii hajaniuliza kitu.